Kadi za salamu za vitambaa: Kazi ya sindano juu ya karatasi

Kadi ya salamu ya kitambaa ni karatasi nzito iliyokunjwa katikati, ambayo uso wake haukupigwa chapa bali umepambwa kwa vipande vya nguo, nyuzi, vifungo, lesi na mishono. Ni kazi inayokaa mpakani mwa fani mbili. Karatasi ndiyo inayoipa kadi umbo na mahali pa kuandika. Kitambaa huipa rangi na uhai. Nao mshono huvishikanisha viwili hivyo bila ya kuficha kwamba mkono wa binadamu umepita hapo.

Malighafi ya kazi hii haiko mbali. Chini ya meza ya kila fundi cherehani, iwe Gikomba jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa au katika kibanda cha kituo cha biashara mashambani, huwa kuna lundo la vipande vya vitenge, leso, pamba na jinzi ambavyo havitoshi kushona hata mfuko wa suruali. Aghalabu vipande hivyo hufagiliwa jioni na kuishia jalalani, au hutiwa ndani ya mito. Kipande cha upana wa sentimita saba na urefu wa sentimita kumi, ambacho kwa mshonaji wa nguo ni taka, kwa mtengenezaji wa kadi ni uso mzima wa kadi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi. Mita moja yake, ikikatwa vipande vya ukubwa huo, hutoa vipande 160. Ndiposa gharama ya kitambaa katika kadi moja huwa ndogo mno, na anayeanza biashara hii kwa kununua majora ya vitambaa vipya huwa amekosea hatua ya kwanza.

Asili yake

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa madukani ilitolewa London mwaka wa 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa amesaidia kuanzishwa kwa posta ya bei nafuu nchini Uingereza mwaka wa 1840, na aliyeichora ni John Callcott Horsley. Iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, kiasi ambacho kibarua wa wakati huo hangekitoa kwa urahisi kununulia salamu. Hiyo ilikuwa kadi ya mchapishaji.

Kadi ya mkono wa mshonaji ilikuwa na njia yake. Katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, binti mmoja kwa jina Esther Howland, aliyehitimu Mount Holyoke mwaka wa 1847, alianza kutengeneza kadi za Siku ya Wapendanao kwa kutumia karatasi iliyotobolewa mfano wa lesi, tepe na picha za rangi. Maagizo yalipomzidi, aliwakusanya wanawake nyumbani na kuwagawia kazi: mmoja akikata, mwingine akibandika, wa tatu akipamba, hadi kadi ikamilike mwishoni mwa meza. Biashara hiyo aliiendesha kwa miongo mitatu hivi kabla ya kuiuza. Mpangilio wake wa kazi ungali na faida kwa kikundi chochote cha akina mama kinachoanza leo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya mwaka wa 1914 na 1918, wanawake nchini Ufaransa walitarizi kwenye tepe za hariri nyembamba maua, bendera na maneno mafupi ya mapenzi, wakirudia nakshi ile ile mara nyingi kwenye utepe mmoja. Utepe ulikatwa, kila nakshi ikabandikwa katika fremu ya kadibodi, na wanajeshi wa Uingereza wakazinunua na kuwapelekea mama zao, wake zao na wachumba wao. Baadhi zilishonwa mfano wa kijifuko, na ndani yake mlitiwa kikadi kingine kidogo chenye salamu. Nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika makavazi na masanduku ya familia, na nyuzi zake hazijapauka sana. Karatasi ya kadi iliyopigwa chapa wakati huo huo mara nyingi imegeuka rangi ya manjano na kukatikakatika, uzi umedumu.

Nchini Kenya, msimu wa kadi ambao watu wa makamo wanaukumbuka zaidi ni ule wa Oktoba na Novemba, ambapo watahiniwa wa KCPE na KCSE walimiminiwa kadi za kuwatakia heri. Mtoto aliyepokea kadi kumi na tano alijiona bora kuliko mwenzake wa kadi mbili, na zile zilizolia muziki zilipofunguliwa ndizo zilizoonewa fahari. Simu ya mkononi iliupunguza msimu huo, na kukazwa kwa kanuni za mitihani mwaka wa 2016, serikali ilipoyafungia shule milango ya ziara na sherehe za maombi katika muhula wa tatu, kukaupunguza zaidi. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Kilichobaki kwa mtengenezaji wa kadi si wingi wa wanunuzi bali ni aina ya mnunuzi: yule ambaye ujumbe wa simu haumtoshi. Harusi, mtoto kuzaliwa, msiba, Idi, Krismasi, kustaafu kwa mwalimu na mgeni anayetaka kurudi kwao na kitu chepesi cha ukumbusho ndiyo matukio yanayomleta.

Karatasi

Wanaoanza hutazama kitambaa kwanza. Ilivyo ni kwamba kadi nyingi mbovu huharibiwa na karatasi.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Haifai, sindano itaipasua na gundi itaifanya ijikunjekunje. Karatasi ya manila inayotumiwa shuleni ni afadhali kwa kujifunzia, ingawa nyingi ni laini mno na hupinda kadi inaposimamishwa mezani. Inayofaa ni ya gramu 220 hadi 250. Ikizidi 300, mkunjo wake hupasuka na sindano ya mkono huhangaika kuipenya.

Ukubwa ulio rahisi ni ule unaotokana na karatasi ya A4 ikikatwa nusu. Kila nusu, ikikunjwa, huwa kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo huingia barabara katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Mtengenezaji anayebuni vipimo vyake mwenyewe hujikuta akitengeneza na bahasha pia, na hiyo ni kazi juu ya kazi.

Kama vile kitambaa kina mtande na mshindio, karatasi nayo ina mwelekeo wa nyuzinyuzi zake. Ikikunjwa kufuata mwelekeo huo, mkunjo huwa laini. Ikikunjwa kuukata, mkunjo hufanya mikwaruzo na kumeguka. Njia ya kuujua ni kuipinda karatasi pole pole bila kuikunja, kwanza kwa upande mmoja kisha kwa upande wa pili. Upande unaopinda bila ukaidi ndio wa kukunjia. Kabla ya kukunja, mstari hutiwa mfuo kwa rula na kalamu iliyokwisha wino au upande butu wa sindano kubwa ya kufumia sweta. Kukunja kwa kukisia kwa vidole ndiko kunakoitambulisha kadi ya mwanafunzi.

Kitambaa

Kila kitambaa kina tabia yake juu ya karatasi. Pamba nyepesi, yaani ile ya leso na ya vitenge vya kawaida, ndiyo tiifu kuliko zote: hukatika vizuri, hulala bapa na hushika gundi. Leso mpya huwa na kanji, na si lazima kuifua kabla ya kuikata kwa kuwa ugumu huo humsaidia mkataji. Hata hivyo, ni vyema kusugua pembe yake kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi, leso hiyo itachafua karatasi pindi itakapoguswa na gundi yenye maji, na haina budi kufuliwa kwanza, kisha kutiwa kanji upya na kupigwa pasi.

Kikoi ni kizito zaidi na urembo wake uko kingoni, kwenye mistari na matamvua. Mkataji mwenye jicho hauchukui mji wa kikoi. Huchukua ukingo, akauweka chini ya kadi matamvua yakining'inia. Inafaa kukumbuka kwamba jina la vazi hili liliwahi kuzua mzozo, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka wa 2006 kulisajili nchini humo kama alama yake ya biashara na Wakenya wakapinga. Shuka zenye miraba ambazo Wamaasai hujitanda mara nyingi hufumwa kwa nyuzi zisizo za pamba, na pasi kali huziyeyusha. Jinzi hushonwa kwa cherehani tu. Kuishona kwa mkono juu ya karatasi ni kuichosha karatasi bure. Hariri na satini huteleza na kufumuka, na huhitaji kupachikwa kwanza, kwa pasi, kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hukitia ndani ya kola.

Kufumuka kwa kingo ndilo tatizo la kudumu. Kuna anayetumia mkasi wa meno. Kuna anayepaka gundi nyembamba sana ukingoni na kuiacha ikauke kabla ya kukata. Mwingine huvuta nyuzi mbili tatu kwa makusudi kila upande, akapata matamvua ya milimita mbili ambayo hayafumuki zaidi kwa kuwa mshono umepita ndani yake. Njia hii ya tatu haihitaji kununua chochote na aghalabu ndiyo inayopendeza zaidi.

Gundi ya maji inayotumiwa na maseremala hushika sana lakini hupenya kitambaa na kuacha madoa, na hufanya karatasi ijikunje ikikauka. Gundi ya kijiti ni bora kwa kukishikilia kitambaa hadi kishonwe. Uji wa unga wa ngano ulikuwa ukitumika zamani, na bado hushika; kasoro yake ni kwamba mende huupenda. Kwa vyovyote vile, katika kadi hizi gundi ni msaidizi wa muda. Kinachobeba mzigo ni uzi.

Sindano juu ya karatasi

Tofauti kubwa ya karatasi na nguo ni kwamba karatasi haisahau tundu. Ukikosea kwenye nguo, unafumua na uzi wa kitambaa unajirudi. Ukikosea kwenye karatasi, kovu limebaki. Kwa hiyo, katika kazi ya mkono, matundu hutobolewa kwanza na uzi hupitishwa baadaye. Kadi hulazwa kifudifudi juu ya kipande cha sponji, blanketi lililokunjwa au kadibodi la katoni, mchoro ukawekwa juu yake, na matundu yakadungwa kwa sindano iliyotiwa kipini. Maharazi ya fundi viatu ni manene mno. Tundu linapaswa kuwa jembamba kiasi cha uzi kupita kwa kusukumwa kidogo.

Nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita tatu hadi nne. Zikikaribiana zaidi, mstari wa matundu huwa kama ule wa stempu za posta, na kadi hukatika papo hapo ilipopambwa. Kosa hili huonekana mara nyingi kwa washonaji hodari wa nguo, kwani wao wamefunzwa kwamba mshono mdogo ndio mshono mzuri.

Mshono rahisi ni bandi, ule wa kuingia na kutoka kwa vipimo sawa. Ukitaka mstari usio na mapengo, hupigwa bandi kwenda, kisha bandi nyingine kurudi kupitia matundu yale yale, ikajaza nafasi zilizoachwa. Mshono wa blanketi unafaa kingoni mwa kitambaa. Mafundo hayafungwi upande wa mbele, wala hayaachwi makubwa nyuma, kwa kuwa yatasukuma karatasi na kuonekana kama chunusi. Mkia wa uzi hulazwa nyuma na kubandikwa kwa kipande kidogo cha utepe wa gundi. Baadaye nyuma yote hufunikwa kwa karatasi nyeupe nyembamba, nayo ndiyo inayoandikiwa salamu. Kadi isiyovishwa karatasi hiyo ya ndani huonyesha matumbo yake kwa anayeifungua.

Wenye subira wanaweza kujifunza kutoka kwa watarizi wa kofia wa Lamu na visiwa jirani, ambao hutoboa vitundu vidogo katika kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi hadi vikae wazi, wakajenga nakshi nzima kwa vitundu hivyo. Kofia moja ya namna hiyo huweza kumchukua fundi wiki kadhaa na hata miezi. Kitambaa chake hakiwezi kuingizwa katika kadi ya kuuzwa kwa bei ya kawaida, lakini nakshi yenyewe, ikidungwa tu kwenye karatasi bila uzi na kuwekewa karatasi ya rangi nyuma, hupendeza ajabu.

Kwa cherehani kazi huenda haraka, iwe ni ya umeme au ya kukanyaga. Urefu wa mshono huwekwa kwenye milimita tatu na nusu au nne, na mkazo wa uzi hulegezwa kidogo. Sindano iliyoshona karatasi huwa butu upesi na haipaswi kurudishwa kwenye nguo. Fundi mwangalifu huiwekea rangi ya kucha kichwani ili asiichanganye na nyingine. Kushona kwenda na kurudi, ambako ndiko hufunga mshono wa nguo, hapa ni marufuku kwa sababu hukata karatasi. Uzi huachwa mrefu, ukavutwa nyuma na kufungwa kwa mkono. Kwenye kona, sindano huachwa ndani ya karatasi, mguu wa cherehani ukainuliwa na kadi ikageuzwa. Gurudumu la mkono ndilo la kutegemewa hapo kuliko kanyagio.

Mistari inayozaa duara

Kuna aina moja ya kadi isiyohitaji kitambaa kabisa, na historia yake inafaa kujulikana na walimu. Mwalimu Mjerumani Friedrich Froebel, mwasisi wa shule za chekechea, aliyeishi kati ya mwaka wa 1782 na 1852, aliingiza kudunga karatasi na kuishona miongoni mwa kazi za watoto wadogo. Baadaye Mwingereza Mary Everest Boole, mjane wa mwanahisabati George Boole, alitumia kadi za kushona kuwafundisha watoto jiometri: kwamba mistari iliyonyooka, ikipangwa kwa utaratibu, huzaa mchoro uliopinda.

Hufanywa hivi. Kwenye kadi huchorwa kwa penseli mistari miwili inayokutana kwenye pembe mraba, kila mmoja wa sentimita sita. Kila mstari hudungwa matundu kumi yaliyoachana kwa milimita sita, yakahesabiwa kutoka pembeni kwenda nje, moja hadi kumi. Uzi hutoka mbele kwenye tundu la kwanza la mstari wa kusimama na kuingia kwenye tundu la kumi la mstari wa kulala. Nyuma ya kadi uzi husogea hatua moja tu, ukatokea tundu la tisa la mstari ule ule wa kulala na kuingia tundu la pili la mstari wa kusimama. Ukasogea hadi la tatu, ukaenda la nane. Na kuendelea hivyo. Kila jozi, zikijumlishwa namba zake, hutoa kumi na moja, na hiyo ndiyo njia ya kutambua kosa kabla halijasambaa. Mwishoni, nyuzi kumi zilizonyooka huwa zimefanya mpindo laini mfano wa tanga lililojaa upepo, na kwa kweli mapambo ya jahazi kwenye kadi za watalii yanaweza kutengenezwa hivyo kwa pembe mbili zilizogeuziana migongo. Uzi unaohitajika kwa pembe moja ni sentimita 75, pamoja na mikia yake.

Ujumbe wa leso

Leso, au kanga, ni kitambaa kinachokuja na salamu yake. Ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maandishi yaliyo chini ya mji. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kilatini kushika nafasi. Mtengenezaji wa kadi akilikata jina zima na kulishona kwenye kadi ndefu, amepata kadi ambayo maneno yake hayahitaji kalamu.

Hapo pana hatari. Majina ya leso si salamu zote. Mengi ni mafumbo, na tangu jadi wanawake wa pwani wameyatumia kusemana bila kufungua vinywa. "Nani kama mama" halina mashaka, na linaweza kupelekwa kwa mzazi yeyote. "Hasidi hana sababu" likifika kwa wifi siku ya harusi yake, hakuna maelezo yatakayolifuta, hata kama mtumaji alivutiwa na rangi tu. Muuzaji anayewauzia wageni wasiojua Kiswahili anawajibika kuandika maana yake nyuma ya kadi, wala si ya neno kwa neno bali ile inayoeleweka na wenyeji. Kadhalika, kadi ya rambirambi haifai kushonwa kwa leso ya rangi za shangwe. Kitambaa cheupe, uzi wa kijivu na bandi moja inayozunguka ukingo hutosha, na kifungo hakina kazi hapo.

Kwa hafla nyingine, vifaa vya ushonaji vyenyewe huwa mapambo. Vifungo vya ukubwa mbalimbali hushonwa kama vichwa vya maua, mabua yake yakiwa bandi ya uzi wa kijani. Kigauni cha kitenge cha sentimita tano huning'inizwa kwenye kiango cha waya mwembamba. Kipande cha utepe wa kupimia nguo huwa ukingo wa kadi ya fundi anayestaafu, na mfuko mdogo wa jinzi, ulioshonwa pande tatu na kuachwa wazi juu, huwa mahali pa kutia noti iliyokunjwa ya kumtunza bi harusi. Kosa la kawaida ni kuvitia vyote katika kadi moja. Kifungo, lesi, zipu, utepe na shanga vikikutana kwenye uso wa sentimita kumi, kadi hugeuka kuwa sampuli ya duka la vifaa vya ushonaji.

Posta na ufungashaji

Kadi ya A6 ya karatasi ya gramu 250 ina uzito wa gramu nane hivi. Ukiongeza bahasha, karatasi ya ndani na kitambaa, bado huwa chini ya gramu 20. Unene ndio unaoleta taabu. Kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani, barua ndogo haipaswi kuzidi milimita tano kwa unene. Kifungo cha koti pekee huweza kukaribia kiasi hicho, na bahasha yenye uvimbe katikati huchanika mashineni. Kadi ya kutumwa mbali hutengenezwa kwa vifungo bapa vya shati au kwa mishono mitupu; zile zenye mifuko na viango ni za kupeanwa mkononi.

Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, iligusa mifuko ya kubebea na pia ile bapa iliyotumiwa kufungia bidhaa. Watengenezaji waliozoea kuivisha kila kadi mfuko unaong'aa walilazimika kubadili. Mshipi wa karatasi wa upana wa sentimita tatu, unaozunguka kadi na bahasha yake, huzishika pamoja na kumwachia mnunuzi nafasi ya kugusa kitambaa, jambo ambalo mfuko ulilizuia. Vumbi ndilo adui aliyebaki, na dawa yake ni kuonyesha kadi mbili tatu tu na kuziweka nyingine sandukuni.

Bei

Kazi nyingi za mikono hufa kwenye hesabu, si kwenye ufundi, na kadi hazijasalimika. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, usio bei ya soko lolote. Karatasi Sh10, bahasha Sh10, kitambaa na uzi Sh5, gundi Sh2: jumla Sh27. Mshonaji anayeuza kadi hiyo kwa Sh60 hujipongeza kwamba amepata faida ya Sh33. Lakini kadi ilimchukua dakika 25. Kama saa yake moja ina thamani ya Sh120, basi muda huo ni Sh50, na gharama imeshafika Sh77. Ongeza Sh8 za kodi ya kibanda, sindano zilizovunjika na kadi zilizoharibika, na gharama halisi inakuwa Sh85. Kwa kuuza kwa Sh60, fundi huyo amebakiwa na Sh25 kwa kazi ya dakika 25, yaani Sh60 kwa saa. Amejilipa nusu ya mshahara wake bila kujua, na kadiri anavyouza kadi nyingi ndivyo anavyopoteza zaidi.

Duka likitaka theluthi ya bei, kama yafanyavyo maduka mengi ya zawadi, kadi hiyo hiyo haiwezi kuandikwa chini ya Sh130 rafuni ili mwenyewe apate Sh86. Je, mnunuzi wa Sh130 yupo? Yupo, lakini si yule aliye kituo cha matatu. Ndiyo maana uchaguzi wa mahali pa kuuzia hutangulia uchaguzi wa nakshi.

Kwingine pa kuokolea ni kwenye muda, na hapa ndipo meza ya Esther Howland inaporudi. Anayetengeneza kadi moja hadi mwisho kabla ya kuanza nyingine hupoteza dakika nyingi kubadilisha vifaa: mkasi chini, gundi juu, uzi mwingine sindanoni. Zikikatwa karatasi ishirini kwa mpigo, zikatiwa mfuo zote, zikabandikwa vitambaa zote, kisha zikashonwa mfululizo bila kukata uzi wa cherehani kati ya kadi na kadi, dakika 25 huweza kushuka hadi 15. Kwa hesabu ile ile, Sh20 zimeokolewa katika kila kadi bila kumpunja mtu. Kikundi cha watu watano hufanya vyema kumpa kila mmoja hatua yake na kubadilishana kila wiki, ili asije mmoja akaugua na kazi nzima ikasimama kwa sababu yeye pekee ndiye aliyejua kuendesha cherehani.

Kadi zilizokamilika hulazwa usiku mzima chini ya vitabu vizito, zikiwa zimefunguliwa na karatasi safi kati ya moja na nyingine, ili gundi ikauke bila kuzipinda. Zenye vifungo huwekewa juu sponji kabla ya vitabu. Za Krismasi hukatwa Agosti na kuwa tayari mwanzoni mwa Novemba, kwa vile maduka ya zawadi huagiza mapema; za harusi huanza siku ile orodha ya wageni inapokabidhiwa, pamoja na malipo ya awali.